Jeni za saa ya mwili na ADHD: jibu kwa mama wa Nkuhungu

Dada, umeuliza kama mwanao wa miaka 9 mwenye ADHD (hali ya kushindwa kutulia na kukaza umakini) anakesha mpaka saa 6 usiku kwa sababu ya urithi. Uhusiano upo, ila ni mwembamba. Jeni kama CLOCK, PER na CRY1 ndizo zinazoendesha saa ya mwili, yaani mfumo unaopanga muda wa kulala na kuamka. Badiliko moja la CRY1 lililoelezwa mwaka 2017 linarefusha mzunguko wa saa hiyo, usingizi unachelewa, na baadaye limekutwa pia kwenye familia zenye ADHD. Hata hivyo ni jeni nyingi zinachangia, kila moja kidogo sana. Usitupe hela yako kwenye kipimo cha jeni, hakitabadilisha matibabu.

Wengi wenye ADHD melatonini yao, homoni inayoleta usingizi usiku, huanza kupanda kwa kuchelewa, kwa hiyo kumlaza saa 2 kwa nguvu ni kugombana bure. Anza na asubuhi: jua la Dodoma likishatoka, akae nje dakika 30, hata kama anafagia uwanja tu. Jioni zima simu na runinga saa moja kabla ya kulala, na chai ya rangi iishie mchana. Muda wa kulala uwahishe kwa dakika 15 kila baada ya siku tatu. Kinachoharibu zaidi ni wikiendi: akiamka saa 4 Jumapili, Jumatatu mnaanza upya.

Kama anatumia methylphenidate, dawa ya ADHD, muulize daktari wake saa ya dozi ya mwisho. Ikichelewa, yenyewe inafukuza usingizi.