Mgao wa umeme Afrika Kusini ulipunguaje, na sola itatufaa wapi hapa Mombasa

Ndugu uliyeuliza, unasema mgao Afrika Kusini ulipungua kwa sababu watu walijinunulia sola, na kwamba nasi Mombasa tukifunga paneli juu ya kila paa stima haitapotea tena. Unauza samaki Kongowea na friza zako zinakutia hasara, nakuelewa. Nilikuwa fundi wa sola Johannesburg mgao ulipokuwa mkali kabisa, na sasa nafanya kazi hiyo hiyo Nyali na Bamburi. Sola ilisaidia, tena sana, ila si pale wengi wanapodhani.

Anza na mgao wenyewe. Umeme unaozalishwa lazima ulingane na unaotumika kila sekunde. Mahitaji yakizidi, masafa, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, hushuka chini ya hezi 50, na yakishuka mno mitambo hujizima mmoja baada ya mwingine hadi nchi nzima iwe gizani. Kuepuka hilo, Eskom, shirika la umeme la Afrika Kusini, ilizima mitaa kwa zamu: hatua ya 1 hupunguza takriban megawati 1,000, hatua ya 6 takriban 6,000. Mwaka 2023 ndio uliokuwa mbaya kuliko yote, siku bila mgao zilikuwa za kuhesabika. Chanzo kilikuwa mitambo ya makaa iliyochoka. Mwaka huo, kwa wastani, zaidi kidogo tu ya nusu ya uwezo wa Eskom ndiyo iliyokuwa tayari kufanya kazi. Kituo cha Kusile kilikuwa kimepoteza mitambo mitatu baada ya bomba la moshi kuporomoka Oktoba 2022, na mtambo mmoja wa nyuklia wa Koeberg ulizimwa karibu mwaka mzima ukibadilishwa jenereta za mvuke.

Hapo ndipo watu walipokimbilia kwetu mafundi. Kwa makadirio ya Eskom yenyewe, sola za kwenye mapaa zilitoka chini ya megawati 1,000 Machi 2022 hadi zaidi ya 4,400 katikati ya 2023. Serikali nayo ililegeza: mwaka 2021 mzalishaji binafsi wa hadi megawati 100 aliondolewa sharti la leseni, kisha sharti lenyewe likaondolewa kabisa 2023, na kwa mwaka mmoja aliyenunua paneli alipata nafuu ya kodi.

Nafuu hiyo ilikuwa ya paneli tu, betri na inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli au betri uwe wa kutumika nyumbani) hazikuhesabiwa, na naona walipatia. Wateja wengi wa mwanzo walitaka inverta na betri bila paneli. Mtu wa namna hiyo hapunguzi mzigo wa gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, hata kidogo. Stima ikirudi mtaani, betri zote zinaanza kuchaji kwa pamoja, tena zinavuta zaidi ya zilichotoa kwa sababu sehemu hupotea kwa joto. Niliona nyaya za mtaa na transfoma zikilemewa dakika zile zile ambazo watu wanashangilia taa kuwaka.

Mwenye paneli ni jambo jingine. Mchana haombi Eskom chochote. Lakini jua huzama, na mahitaji yao hupanda saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku. Sasa paneli ilisaidiaje jioni? Mzigo wa mchana ulipopungua, Eskom ilipata nafasi ya kupandisha maji kwenye mabwawa ya juu, kama lile la Ingula, ili yateremshwe kuzalisha umeme jioni. Ikaokoa dizeli ambayo ingechomwa mchana kuzalisha umeme. Na la muhimu kuliko yote, ikapata mwanya wa kusimamisha mitambo mibovu na kuitengeneza. Kusile ikarudi, Koeberg ikarudi. Machi 26, 2024 mgao ukasimama, na haukurejea hadi Januari 31, 2025. Kwangu mimi matengenezo ndiyo yaliyomaliza kazi, sola iliyapa muda.

Kuna jambo bado linaniuma. Juu ya mapaa ya Sandton, mtaa wa matajiri, tulikuwa tunaiona Alexandra, mtaa wa maskini, ng'ambo ya barabara kuu, ambako hakuna aliyetupigia simu. Mwenye pesa akinunua umeme kidogo, gharama ya nguzo na nyaya haipungui, na hatimaye inamwangukia asiye na paneli. Anayezungumzia sola ya watu binafsi kama dawa ya taifa lazima ajibu hilo.

Turudi nyumbani. Umeme wetu wa mvuke wa ardhini wa Olkaria hutoka usiku na mchana, kwa hiyo adhuhuri hatuna shida kama ile yao. Kwetu panapobana ni baada ya Magharibi. Rais Ruto mwenyewe amesema hadharani kwamba saa hizo baadhi ya sehemu za nchi huzimwa. Paneli peke yake haikufai hapo. Tena ile inverta inayotegemea gridi, isiyo na betri, hujizima stima inapopotea hata jua likiwaka vipi, ili isimuue fundi aliye juu ya nguzo. Sola inakufaa zaidi ukiwa na betri kidogo, hasa siku za matengenezo, stima inapokatwa tangu asubuhi hadi jioni.

Kwa friza zako, usikimbilie betri kubwa. Barafu nayo ni akiba. Paneli ziendeshe friza kwa nguvu zote adhuhuri, jaza chupa za maji zigande, na friza ikibaki imefungwa samaki watavuka saa za jioni bila taabu. Betri iwe ya lithiamu, joto letu huziua haraka zile za asidi. Dai nati za chuma kisichoshika kutu, upepo wa bahari hauna huruma. Na kabla hujatoa shilingi, fundi aweke mita kwenye friza zako kutwa kucha, siku ya soko, zikifunguliwa na kufungwa kama kawaida. Anayekupa bei bila kupima, mwache aende.