Kupunguza uzito wa Glanza: fungua kwa spana, acha grainda

Vijana wenye Toyota Starlet Glanza hapa Kampala huniuliza sana habari za turbo kubwa, kile kifaa cha kusindilia hewa zaidi ndani ya injini. Huwaambia wanunue mizani kwanza, na wengi huondoka wamenuna. Siwalaumu. Turbo inapiga mluzi na watu wanageuka kutazama. Siti uliyoing'oa haina mashabiki.

Lakini tupige hesabu. Glanza V ilitengenezwa kati ya 1996 na 1999, ikiwa na injini ya 4E-FTE ya cc 1331 yenye nguvu za farasi 135. Uzito wake kutoka kiwandani ni kama kilo 920, kwa hiyo kila tani inapata farasi 147 hivi. Punguza kilo 80, na kila tani inapata farasi 161. Ukitaka kufika hapo kwa injini peke yake, unatafuta farasi 13 za ziada, na hizo huja na madai yake: kupoza hewa ya turbo vizuri zaidi, gasketi ya silinda hedi iliyo imara, na fundi anayejua kurekebisha mafuta na cheche bila kubahatisha. Tena farasi hao hawakusaidii kufunga breki wala kukata kona. Kilo zilizotoka husaidia kote.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo lililoniwekea msimamo. Tangu 2018 sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Glanza zote zimeshapita umri huo zamani, kwa hiyo tulizo nazo ndizo hizohizo. Ukikata mlango kutoa vyuma vya ndani, umeharibu mlango ambao huenda usipate mwingine. Kwa hiyo kwangu, kinachofunguka kwa spana kinaweza kutoka. Kinachohitaji grainda kinabaki.

Mizani ninayosema ni ile ya kuning'iniza, wanayopimia magunia ya kahawa. Kila kitu kinachotoka kwenye gari kinapimwa na kuandikwa daftarini, hata mabano na boliti, maana macho hudanganya sana. Zulia lililokaa na maji ya mvua ni zito kuliko unavyodhani, na kipande kikubwa cha plastiki mara nyingi hakina kitu. Mizani ya malori nayo ina kazi yake. Nyingi husoma kwa hatua za kilo 10 au 20, kwa hiyo haitakuonyesha ulichotoa leo, ila ukipandisha magurudumu ya mbele peke yake, halafu ya nyuma, unaujua mgawanyo wa uzito wa gari lako. Tutaurudia.

Anza na buti. Kasha la spika la mbao pamoja na amplifaya hufika kilo 20 bila shida, na ukiyaondoa hujapoteza kitu ila kelele. Siti ya nyuma, mgongo na makalio, ni kama kilo 15 na hutoka kwa boliti chache. Tairi la akiba na jeki ni kilo 12 au 13. Hilo mimi hulitoa siku ya mashindano tu. Ukiniambia unakwenda Masaka usiku bila tairi la akiba ili gari liwe jepesi, nitakutakia safari njema na sitakuja kukuchukua.

Petroli pia ni mzigo: lita moja ina karibu robo tatu ya kilo, kwa hiyo lita 40 ni kilo 30. Wengine wakienda uwanja wa Busiika kwenye autocross, mbio za magari za kushindana na saa, huingia na tangi karibu tupu. Hapo kuna mtego. Kwenye kona kali petroli hukimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, na injini ya turbo ikikosa mafuta wakati inasukumwa, pistoni huyeyuka. Baki na robo tangi au zaidi.

Siti za mbele ni kama kilo 13 au 14 kila moja, na siti ya mashindano ya faibaglasi inaweza kuwa nusu ya hapo. Ni kilo nzuri, lakini hapa ndipo watu wanapoumia. Siti za kuigiza zimejaa sokoni. Tafuta yenye lebo ya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, na usome mwaka wake. Reli zifungwe kwenye matundu ya kiwandani. Fundi wa kuchomelea atakwambia, "Bosi, hii naipiga welding hapa chini, haitoki." Mshukuru, uende kwa mwingine.

Kisha kiyoyozi. Kompresa, kondensa na mabomba yake ni kilo 15 hivi, zote mbele, mahali ambapo gari hili linahitaji kupunguziwa. Mimi nilikitoa. Gesi itolewe na fundi wa viyoyozi kwa mashine yake, isiachiwe hewani. Hasara yake utaiona kwenye foleni ya Jinja Road saa nane mchana: madirisha wazi, vumbi linaingia, na simu inabidi uikalie kwa sababu kuna vidole vyepesi kuliko gari lako.

Chini ya zulia utakuta mikeka ya lami iliyobandikwa sakafuni kuzuia kelele. Kwingine huigandisha kwa barafu kavu hadi ivunjike kama biskuti. Kwetu barafu kavu si kitu cha kuokota dukani, kwa hiyo hutumika joto: feni ya moto, kisu kipana cha rangi, na subira. Usitumie moto wa gesi, kwa sababu chini ya bati hilo kuna mabomba ya mafuta na ya breki. Utapata kilo 6 au 8 kwa jasho la siku nzima. Ukimaliza, paka praima na rangi siku hiyohiyo, na vizibo vya mpira vya sakafuni uvirudishe vyote, la sivyo mvua ya Kampala itakuletea kutu kabla hujaufurahia wepesi. Nikiulizwa kama kazi hii inafaa kwa gari la kwenda nalo kazini, jibu ni hapana.

Sasa magurudumu, ambayo ningeyaweka mbele ya mengi niliyotaja. Kitu kinachozunguka hubeba nguvu mara mbili: kinasogea mbele na wakati huohuo kinajizungusha. Kilo moja iliyo kwenye ukingo wa tairi, gari linapoongeza mwendo, huhesabika karibu kama kilo mbili zilizokaa kwenye siti. Juu ya hayo, gurudumu zito hupiga shimo na kukawia kurudi chini, springi na shokapu zikihangaika kulituliza. Halafu mtu anavua rimu za inchi 14 na kuvalisha za inchi 17 kwa urembo. Gurudumu la inchi 14 na tairi lake ni kama kilo 12 au 13. La inchi 17 la bei rahisi hupita 17 bila taabu. Umeongeza kilo 20 mahali pabaya kuliko pote, kisha unakuja kuniuliza turbo.

Baki na 14, au 15 nyepesi. Ukinunua za mtumba, ingia na mizani yako dukani. Muuzaji atacheka, mwache acheke. Zizungushe kwenye mashine ya balansi uone kama zimepinda, na upitishe kucha upande wa ndani ukitafuta nyufa. Rimu nyepesi iliyowahi kuungwa kwa welding usiipokee hata bure. Barabara zetu zitaimaliza.

Nilisema tutarudi kwenye mgawanyo. Hatchback, yaani gari dogo ambalo mlango wa buti huinuka pamoja na kioo cha nyuma, ikivutwa na magurudumu ya mbele hukaa na zaidi ya asilimia 60 ya uzito wake mbele. Vitu rahisi kutoa karibu vyote viko nyuma. Ukivitoa vyote, gari ni jepesi lakini pua imezidi kulemea, na nyuma inaelea. Kwenye lami iliyoloa, ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, nyuma inaweza kukupita. Breki za nyuma nazo hufunga mapema kuliko zamani. Kwa hiyo pima, na kwa kila unachotoa nyuma, tafuta cha kutoa mbele: kiyoyozi, betri ndogo zaidi, boneti ya faibaglasi ikiwa na pini zake za kufungia. Betri ya lithiamu ni nyepesi kweli, lakini haipendi joto la pale karibu na turbo, na bei yake inauma. Tairi nzuri zaidi ziende nyuma. Na kwa kuwa gari litainuka kidogo kwenye springi, pima alainimenti, yaani mkao wa magurudumu, upya kabla ya kulaumu usukani.

Visivyoguswa: chuma cha ndani ya milango, chuma cha nyuma ya bampa, mikanda, breki ya mkono, kioo cha mbele. Vioo vya plastiki vya pembeni achia magari ya mashindano pekee. Vumbi la murramu na kitambaa cha kufutia huvipaka ukungu upesi.

La mwisho ni karatasi. Logibuku inaonyesha idadi ya watu ambao gari linaruhusiwa kubeba. Ukiendesha barabarani bila siti ya nyuma, uwe na jibu kwa trafiki na kwa bima, au fanya kama mimi: siti inarudi ndani kila baada ya mashindano. Boliti zake nazihifadhi kwenye kopo lenye jina, maana za aina ile, kwenye soko la vipuri la Kisekka, hutafutwa asubuhi hadi jioni.