Maswali ya Wasomaji: Ratiba ya wiki haitimii saiti

SWALI: Ninasimamia ujenzi wa ghorofa hapa Morogoro. Kila Jumatatu mhandisi anatuletea ratiba ya wiki, na kila Jumamosi karibu nusu ya kazi haijakamilika. Mafundi nondo wanawasubiri mafundi wa fomu (mbao zinazoshikilia zege hadi ikauke), saruji inaganda stoo. Nimeongeza vibarua, hali ni ileile. Nifanyeje?
Msimamizi wa saiti

JIBU: Ndugu msimamizi, vibarua hawasaidii kazi ambayo haijaiva kuanza. Glenn Ballard na Greg Howell, watafiti wa usimamizi wa ujenzi wa Marekani, walipima ratiba za wiki miaka ya 1990 wakakuta hali kama yako: kazi zilizokamilika zilizidi nusu kidogo tu. Njia waliyoibuni huitwa Mpangaji wa Mwisho. Anayeahidi kazi ni kiongozi wa mafundi watakaoifanya, si mhandisi aliye ofisini.

Chukua slabu ya mita za mraba 120, unene sentimita 15. Hiyo ni mita za ujazo 18 za zege. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) ni mifuko 115 hivi ya kilo 50. Iandike ubaoni wiki sita kabla, na chini yake kila kinachoweza kuizuia: michoro, nondo, mbao na mirunda, mashine ya zege, vaibreta ya kushindilia zege, maji, ukaguzi. Kila kizuizi kiwe na mtu wa kukiondoa na tarehe.

Anayesahaulika sana ni fundi umeme. Mabomba yake hulazwa nondo za chini zikishafungwa, kabla ya zile za juu. Asipoitwa siku hiyo, slabu itachimbwa kwa tindo ikishakauka, na nondo zitabaki wazi zishike kutu. Saruji nayo iagize baada ya tarehe ya ukaguzi kuthibitishwa, ifike siku mbili kabla, ipangwe juu ya mbao mbali na ukuta.

Ijumaa jioni kutaneni nusu saa, mkiwa mmesimama mbele ya ubao. Kila kiongozi aahidi kwa kinywa chake, na awe huru kusema "hapana, haiwezekani." Kazi yenye kizuizi isiingie kwenye wiki. Wekeni kazi mbili tatu za akiba zilizoiva, mvua ikiharibu siku.

Wiki ikiisha, hesabuni. Ahadi 12, zilizotimia 7: asilimia 58. Fomu iliyofika asilimia 90 ihesabiwe sifuri, maana fundi nondo hawezi kuipanda. Tafadhali usimkate mtu posho kwa hesabu hii. Wiki ijayo ataahidi kidogo ili awe salama, nawe utabaki bila picha ya kweli. Andika sababu ya kila ahadi iliyoanguka. "Ukaguzi ulichelewa" ikijirudia wiki tatu, mwombe mhandisi siku mbili maalumu za kukagua.

Na msifidie muda kwa kung'oa mirunda mapema. Tarehe hiyo anaitoa mhandisi peke yake.