"Genuine" si sawasawa na orijino
Ndugu, umeuliza iwapo kibao cha "genuine tanzanite" ulichokiona dukani hapa Arusha kina maana ileile ya orijino. Si sawasawa. "Genuine" ni kitu halisi, kisicho bandia, yaani jiwe lililochimbwa Mirerani na wala si kioo kilichotiwa rangi ya buluu. Ilhali "original" kwa kawaida ni kitu cha kwanza, ambacho hakikunakiliwa kutoka kwingine, ingawa sisi mafundi wa magari tumezoea kuita kila spea nzuri orijino. Neno "genuine" hutumika pia kwa watu na hisia zao: "genuine apology" ni msamaha unaoombwa kwa dhati. Ulitamke "jenyuin", mkazo ukiwa mwanzoni. "Jenyuwaini" huwachekesha wengi.