Ukienda Tiantan, anzia mlango wa kusini

Watalii wengi wanaokwenda Tiantan, Hekalu la Mbinguni jijini Beijing, hushuka kituo cha Tiantan Dongmen, laini namba 5 ya treni ya chini ya ardhi. Huingia mlango wa mashariki, wakapiga picha jengo la duara lenye mapaa matatu ya buluu, wakaondoka. Mimi nakushauri uchukue teksi hadi mlango wa kusini. Ukiingia hapo unatembea kuelekea kaskazini, na wafalme wa China nao katika ibada zao humu walikuwa wakielekea kaskazini.

Beba pasipoti, kwani tiketi hukatwa kwa namba yake. Omba tiketi ya pamoja. Ile ya bei ndogo inakuingiza bustanini tu, na majengo utayaona kwa mbali. Fika mapema. Geti hufunguliwa alfajiri, majengo yenyewe baadaye kidogo, na muda huo wa kusubiri ndio mtamu. Wastaafu wamejaa chini ya miberoshi ya kale: huyu anacheza karata kwa kelele, yule anaandika kwa brashi ndefu na maji matupu juu ya sakafu, na maandishi yanakauka kabla hajamaliza mstari.

Kusini utakuta Madhabahu ya Duara, jukwaa la mawe meupe lisilo na paa, ambapo mfalme alitoa sadaka siku yenye usiku mrefu kuliko zote. Watu hupanga foleni wapigwe picha juu ya jiwe la katikati. Waache, wewe hesabu: jiwe hilo limezungukwa na mawe 9, kisha 18, kisha 27, hadi duara la tisa lenye mawe 81.

Ukuta wa Mwangwi, ule wa mviringo unaosifiwa kupeleka mnong'ono hadi upande wa pili, usiutegemee. Kukiwa na watu, husikii ila makelele.

Kutoka hapo unashika njia ya Danbi, kama mita 360. Inapanda taratibu kiasi kwamba miguu haijui, ila ukichungulia pembeni unakuta ardhi na miti viko chini yako. Sehemu ya katikati ilikuwa ya miungu. Hata mfalme alipita kando. Mwisho wake ndio Ukumbi wa Kuombea Mavuno, lile jengo la duara la mapaa ya buluu, mita 38 kwenda juu. Ulikamilika mara ya kwanza 1420, radi ikauteketeza 1889, ukajengwa upya. Huruhusiwi kuingia. Subiri kikundi kipite, simama mlangoni, uyape macho muda wa kuzoea giza. Ndipo zitajitokeza nguzo 28: nne za majira, 12 za miezi, 12 za saa za jadi za Kichina, kila moja sawa na saa mbili zetu.

Tiantan hakuna watawa wala ubani. Ukitaka hekalu lenye waumini, laini hiyohiyo namba 5 inakufikisha Yonghegong, kwenye sanamu ya Buddha ya mita 18 iliyochongwa kwenye gogo moja la msandali. Ila hapo vaa kwa heshima, na ndani ya kumbi usipige picha.