Sikwensa ya MIDI kwenye tableti: pa kuanzia

Sikwensa ni kupanga noti kwenye programu ya muziki ili izipige zenyewe, na MIDI ni lugha ambayo kinanda na programu hutumia kuwasiliana. MIDI haibebi sauti. Inabeba maagizo: noti gani imegongwa, kwa nguvu gani, imeachiliwa lini. Sauti hutolewa na ala iliyo ndani ya programu, au na kinanda chenyewe. Ndiyo maana mgeni hurekodi, akaona vijiti vya noti vimejipanga kwenye skrini, akabonyeza cheza, kimya. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Labda treki (mstari wa ala moja kwenye programu) haijapewa ala, au inatuma maagizo kwenye chaneli (njia ya maagizo) 1 wakati ala inasikiliza chaneli 2. Chaneli ziko 16, na kwa ala zinazofuata General MIDI, yaani mpangilio wa pamoja wa sauti na namba zake, ya 10 ni ya ngoma. Peleka wimbo wa piano huko uone utakavyojibiwa kwa matoazi.

Waya nao una mambo. Vinanda vikubwa vina mlango wa USB wa mraba kama wa printa. Vidogo hutumia USB-C au micro-USB, na hapo ndipo watu hupigwa. Waya wa kuchaji tu hauna nyuzi za data: kinanda kitawaka taa vizuri kabisa, lakini tableti haitakiona. Ukienda kununua Luthuli Avenue, Nairobi, beba tableti na kinanda, chomeka pale pale dukani, gonga noti moja na uangalie kama alama ya MIDI kwenye programu inamweka. Kwa Android ulizia adapta ya OTG, inayowezesha tableti kupokea vifaa vya USB kama kinanda.

Usisikilize kwa spika za masikioni za Bluetooth unapopiga. Sauti hufika imechelewa, nawe utaanza kuwahi mapigo bila kujijua. Tumia za waya. Kwenye mipangilio, weka bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho programu huandaa kabla ya kuitoa, iwe sampuli 256. Kwa 48,000 Hz (sampuli 48,000 kwa sekunde) hiyo ni kama milisekunde 5. Sauti ikikwaruza, panda hadi 512.

Anza na ngoma. Baa moja ya 4/4, yaani yenye mapigo manne, ina visanduku 16 kwenye gridi ya programu. Kiki (ya ngoma, si ya mitandaoni) ni noti namba 36: iweke kisanduku cha 1, 5, 9 na 13. Sneya, noti 38, iweke cha 5 na 13. Haihati iliyofungwa, noti 42, iingie katikati: 3, 7, 11 na 15. Ukicheza sasa utasikia mashine, kwa sababu kila noti imepewa velositi (nguvu ya kugonga) ileile, mara nyingi 100. Velositi hufika 127. Acha haihati ya 3 na ya 11 kwenye 95, shusha ya 7 na ya 15 hadi 65, kisha sikiliza tena. Mdundo utaanza kutembea.

Kwantaizi, yaani kuifanya programu ivute noti hadi kwenye mistari ya gridi, ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Ukivuta kila noti asilimia 100 hadi kwenye mstari, umefuta mkono wa mpigaji. Jaribu asilimia 60 hadi 75, na noti za besi uzivute kidogo tu. Chagua pia gridi inayofaa: mdundo wa tatu-tatu kama chakacha ukiuwekea gridi ya 1/16, noti zitavutwa mahali pasipo pake na hutajua kwa nini wimbo umekuwa kiwete. Weka gridi ya tripleti ya 1/8 (kila pigo likigawanywa mara tatu), visanduku 12 kwa baa.

Kila noti ikisikika mara mbili, kinanda kinapiga sauti yake na programu inaipiga tena. Zima Local Control kwenye kinanda, yaani mpangilio unaokifanya kijipigie sauti yake. Na stima ya kinanda ikipotea huku kidole kiko kwenye noti, tableti itaendelea kwa betri lakini agizo la kuachilia noti halitafika, nayo noti italia bila kikomo. Tafuta kitufe cha Panic kwenye programu, kinachonyamazisha noti zote. Hakuna haja ya kuzima programu.

Unapopeleka kazi studio, River Road au kwingineko, faili la .mid (lenye maagizo ya MIDI tu) peke yake halitoshi, maana huko litafunguka na sauti za huko. Toa pia WAV (faili la sauti yenyewe) ya kila treki, zote zikianzia baa ya 1 hata kama ala inaingia baa ya 17, na uandike tempo (kasi ya wimbo) kwenye jina la faili.