"Wewe niprintie tu": dizaina wa steshenari abaki au aondoke?

*Safu ya maswali ya kazi. Anayejibu amefanya kazi ya uchapaji na upangaji wa kurasa, Dar es Salaam.*

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 26, niko Morogoro, nafanya kazi kwenye steshenari. Nimekuwa nikitengeneza kadi za harusi, vipeperushi vya semina, mabango ya uchaguzi na nembo ndogondogo za maduka. Siku hizi mteja anakuja na picha kwenye simu, kaitengeneza mwenyewe kwa Canva au kwa akili mnemba, ananiambia, "Wewe niprintie tu." Nilikuwa nalipwa hela ya dizaini, sasa naambulia hela ya karatasi. Mjomba ananishauri niuze kompyuta ninunue bodaboda. Je, hii kazi ya grafiki ina kesho, au najidanganya?

*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na mjomba: kompyuta ya steshenari, hata ukiiuza pamoja na meza na feni, hainunui bodaboda. Msalimie.

Sasa tuje kwako. Kazi ya kutengeneza kadi peke yake imekwenda, na sioni ikirudi. Canva ilipoanza mwaka 2013 kule Australia, shabaha yake ilikuwa hiyohiyo, asiyejua kudizaini adizaini. Mwaka 2022 ikaja Midjourney na wenzake, mteja akawa hahitaji hata kiolezo, anaandika anachotaka na picha inatoka. Januari 2025 Jukwaa la Uchumi la Dunia lilitoa ripoti iliyotokana na maoni ya waajiri zaidi ya 1,000, na kwa mara ya kwanza wabunifu wa grafiki wakatajwa miongoni mwa kazi zinazotazamiwa kupungua haraka kufikia 2030, nje kidogo tu ya kumi za mwanzo. Ripoti hiyohiyo inawaweka wabunifu wa programu za simu na tovuti, wale wanaopanga mtumiaji abonyeze wapi na aone nini, kwenye kundi la kazi zinazokua haraka. Wote hao ni wabunifu. Mmoja anakabidhi picha, mwingine anahakikisha kitu kinafanya kazi mikononi mwa mtu.

Kuna vijana huniambia, "Dada, akili mnemba haijui Kiswahili, inaandika 'Karbuini' badala ya 'Karibuni'." Acheni hizo. Hayo makosa yanapungua kila toleo jipya likitoka, na anayesubiri mashine ikosee tahajia ndipo ale, atalala njaa.

Nilipoingia kiwanda cha uchapaji mwanzoni mwa miaka ya 1990 niliwakuta wazee wa meza ya taa. Walikata filamu kwa wembe, wakapanga kurasa na kuzibandika kwa gundi ya karatasi, kazi safi kabisa. PageMaker, programu ya kupanga kurasa kwa kompyuta, ilikuwa imeshatoka Marekani tangu 1985, ila kwetu ilichelewa. Ilipofika, waliojua kukata na kubandika tu waliondoka mmoja mmoja. Akabaki mzee mmoja ambaye hata kushika kipanya hakutaka. Kazi yake ilikuwa kutazama karatasi ya kwanza inayotoka mashineni. Anaiinua kwenye mwanga, anasema, "Majenta imezidi, punguza," na kweli imezidi. Mwenye kiwanda alijua gharama ya kuchapa nakala elfu kumi zenye sura nyekundu za watu, kwa hiyo hakuthubutu kumgusa.

Nikupe mfano wa juzi. Mama mmoja anafungasha asali ya Sikonge. Lebo yake aliitengeneza kwa simu, na nikiri ni nzuri: nyuki, ua, rangi ya dhahabu, maandishi mekundu. Bakodi nayo, ile mistari inayosomwa na mashine ya keshia, akaipaka nyekundu ifanane na maandishi. Akachapa, akabandika, akapeleka supamaketi. Mashine ya keshia ikagoma chupa zote. Sababu ni kwamba skana nyingi za bakodi hutumia mwanga mwekundu, na kwenye mwanga huo mistari myekundu inaonekana sawa na karatasi nyeupe, yaani mashine haioni kitu. Zaidi ya hapo, chupa ni nyembamba na bakodi ilikuwa imezunguka na mviringo, mistari ya pembeni ikapotelea nyuma. Kwenye chupa ya namna hiyo bakodi hulazwa, mistari ikae kama vipago vya ngazi, na pembeni paachwe weupe mtupu. Namba ileile moja alikuwa ameiweka kwenye chupa ya gramu 250, ya 500 na ya kilo, wakati kila ujazo unatakiwa uwe na namba yake. Tarehe ya kuisha muda aliigonga kwa muhuri juu ya laminesheni, ikafutika kwa kidole.

Picha ya nyuki haikuguswa. Dizaina aliyeitwa kurekebisha aliiacha kama ilivyo, akatengeneza hayo mengine, akaacha kipande kisicho na laminesheni kwa ajili ya tarehe, akaenda mwenyewe kwa mchapaji kuona karatasi ya kwanza. Akalipwa vizuri kuliko kadi zako za mwezi mzima. Mama alilipa bila kubishana bei, maana mzigo wa kwanza ulisharudi.

Nakutajia hili kwa sababu uko Morogoro. Hapo kwenu watu wanafungasha mchele, viungo vya milima ya Uluguru, juisi, unga wa lishe, sabuni. Pita madukani uzisome lebo zao kwa jicho baya. Utaona maandishi ya rangi ya njano juu ya nyeupe. Utaona picha zilizovunjikavunjika, maana picha nyingi za akili mnemba hutoka na pikseli 1,024 hivi kila upande, na ukizichapa kwa nukta 300 kwa inchi hazivuki sentimita 8.7. Utaona pia maneno yamekatwa na kisu cha mchapaji kwa sababu hakuna aliyeacha milimita 3 za ziada pembeni. Hao ndio wateja wako, wengi wao hawajajua tu kama wana shida.

Na nembo je? Hapa watu wanadanganyana sana. Mteja akitengeneza nembo kwa kutumia michoro ya akiba ya Canva, masharti ya Canva yenyewe hayamruhusu kuisajili kama alama ya biashara, maana mchoro uleule unaruhusiwa kutumiwa na mtu mwingine yeyote. Siku biashara ikikua akitaka kwenda BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, ndipo anagundua kwamba sura ya duka lake si yake. Mweleze hilo kabla, kwa upole, usimtishe. Kisha mchoree nembo ya vekta inayokubali kukuzwa hadi ubao wa lori na kupunguzwa hadi muhuri wa risiti.

Hata kadi zenyewe, usizitupe zote. Nawajua vijana walioacha kuuza kadi wakaanza kuuza mlango wa ukumbi. Wanachukua orodha ya kamati, wanatuma kadi za mchango kwa WhatsApp, baadaye kadi za mwaliko zenye jina la kila mtu na neno SINGLE au DOUBLE, kila moja na msimbo wake wa QR. Siku ya sherehe wanasimama mlangoni na simu, wanaskani. Aliyeingia na kadi ya single akiwa na mke na shemeji wawili, anajulikana. Kamati inawapenda kuliko MC. Kadi yenyewe, ukiitazama, ni ya kawaida mno.

Akili mnemba itumie, usiione haya. Mchoro wa kwanza wa kumwonyesha mteja, kufuta mandhari nyuma ya picha, hayo iachie. Bei usiiandike tena kwa "dizaini moja". Iandike kwa kazi nzima, mpaka mzigo uliochapwa ufike mkononi, na kazi ikiwa na kosa wewe ndiye wa kuulizwa.

SWALI: Mwanangu amemaliza kidato cha sita, anataka diploma ya usanifu wa grafiki. Baba yake anasema ni kutupa ada. Nifanyeje?

*Mama wa watoto wawili, Tabora*

JIBU: Mama wa wawili, nenda chuoni mwenyewe kabla ya kulipa. Omba uone karakana. Ukikuta chumba cha kompyuta tu, na mwalimu anafundisha vitufe vya Photoshop, baba yake yuko sahihi, vitufe hivyo viko YouTube bure. Ukikuta wanachora kwa mkono, wana mashine ya kuchapa hata ndogo, na wanafunzi wanatumwa kwa wateja halisi, lipa. Na kama kuna ndugu mwenye kiwanda cha uchapaji, mtoto akakae huko miezi kadhaa kwanza, afagie na kuhesabu karatasi. Akitoka bado anaitaka, anaitaka kweli.

SWALI: Sina hela ya kulipia Adobe kila mwezi. Natumia ya wizi, inajizima katikati ya kazi. Kuna njia?

*Kijana, Kigoma*

JIBU: Ipo. Inkscape kwa vekta, GIMP kwa picha, Scribus kwa kurasa, zote bure na halali, na Scribus inatoa PDF ya rangi nne ambayo mchapaji hataikataa. Affinity nayo, ambayo Canva iliinunua 2024, tangu mwishoni mwa 2025 haina malipo. Ila kabla hujahamia, muulize mchapaji wako anapokea faili gani. Akisema "CorelDRAW tu", mpelekee PDF, maandishi yakiwa yamegeuzwa kuwa michoro, ukae hapo mpaka aifungue.